Uliza Anko: Kitabu kimefika, kimekuta muvi ishakaa kwenye kiti

Safari hii barua zimekuja karibu zote za mtindo mmoja, watu wanagombana majumbani na vijiweni kuhusu stori iliyotolewa kitabuni ikawa muvi, au wimbo uliorudiwa mpaka wa kwanza ukasahaulika. Sijui mmeambizana, haya twende.

*Shikamoo Anko. Mdogo wangu yuko fomu siksi, wana Vuta N'kuvute kwenye fasihi, kitabu hajakifungua anasema muvi kashaiona mara 2 inatosha. Nikimwambia soma ananijibu "dada stori si ileile?" Najua siyo ileile ila nashindwa kumwambia tofauti maana mi mwenyewe nilikisoma zamani na sa hivi nikimfikiria Yasmin namuona yule binti wa kwenye muvi. — Dada mkubwa, Tabata*

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali la mdogo wako lakini la kwako ndo limenishika zaidi, maana yeye hajasoma kwaiyo hajapoteza kitu, wewe ulikuwa na Yasmin wako kabisa, umemtengeneza mwenyewe kichwani, leo umemtafuta hayupo. Mi yamenikuta hayohayo kwa Denge, yule kijana wa kwenye stori hiyohiyo. Denge wangu alikuwa na miwani, sijui niliitoa wapi, labda kwa vile kasoma Urusi nikaona msomi lazima avae miwani, basi nilivyotoka kuangalia muvi miwani imeshavuliwa na hairudi tena hata nikirudia kurasa zilezile. Uso ukishauona kwenye kioo kikubwa unashinda uso wowote uliouwaza, ndo ilivyo, maneno elfu hayashindani na sura moja.

Sasa mdogo wako. Riwaya ya Shafi Adam Shafi imetoka 1999, muvi ya Amil Shivji imetoka 2021 ikaenda mpaka tamasha la Toronto, na mi naisifu, ile Zanzibar ya miaka ya 1950 imepigwa picha ukaipenda. Lakini hesabu tu muda jamani, muvi ni saa moja na nusu hivi, kitabu unalala nacho wiki. Hapo dairekta hana ujanja lazima akate, na alichokishika yeye ni Yasmin na Denge, binti aliyeozeshwa mzee akakimbia, na kijana anayepambana na mkoloni. Ni haki yake, muvi ina kazi yake. Ila kitabuni Yasmin anazunguka sana, anafika mpaka Mombasa, anaolewa tena, anaonja maisha ya kila rangi kabla hajajua anataka nini, kwaiyo ukimsoma unamuona anakua taratibu, kosa kwa kosa. Ukimjua kwa muvi tu utasema hii ni stori ya mapenzi yenye siasa ndani. Ukimsoma unaweza kusema ni stori ya siasa yenye mapenzi ndani, au ni stori ya mwanamke anayejitafuta na hao wanaume wote ni vituo tu vya daladala. Iyo ndo tofauti, mwambie hivyo.

Na kwa upande wa mtihani, mtungaji wa maswali atamuuliza dhamira, wahusika, matumizi ya lugha, methali, tashbiha, hayo yote yako kwenye sentensi za Shafi siyo kwenye kamera. Mpe kazi moja: asome akiwa na kalamu, aandike kila mhusika ambaye kwenye muvi hakumuona au alipita kama upepo. Orodha ikifika nusu ya daftari atanyamaza mwenyewe.

*Anko mambo vipi. Kijiweni tumebishana kuhusu Frankenstein. Mwenzangu anasema ni lile zimwi lenye kichwa bapa na misumari shingoni, mi nasema ni jina la daktari aliyelitengeneza. Tumewekeana soda. — Kijana wa Kariakoo*

Soda ni yako lakini usinywe haraka.

Kitabu kaandika Mary Shelley, Mwingereza, alianza kukiandika akiwa na miaka 18, kikatoka 1818. Humo Frankenstein ni Victor, kijana msomi aliyetengeneza kiumbe, na kiumbe chenyewe hakikupewa jina kabisa. Nadhani hapo ndo mchezo wote ulipoanzia maana watu hawawezi kukaa na kitu kisicho na jina, wakalivua la mwenye nacho wakakivalisha kiumbe, kama mtaani watoto wanavyoitwa kwa jina la baba yao mpaka la kwao linapotea.

Alafu iyo sura mnayoijua, kichwa bapa, vyuma shingoni, mwendo wa kujikokota, kitabuni haipo hata kidogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya muvi ya kampuni ya Universal ya 1931, dairekta James Whale, aliyecheza ni Boris Karloff, na mpaka vipodozi vilikuwa na fundi wake anaitwa Jack Pierce. Kwenye kitabu kiumbe ni kirefu kama futi 8, ngozi ya manjano, nywele nyeusi ndefu. Na anaongea! Tena anaongea kukushinda wewe na mwenzako mkichanganywa. Alijifunza lugha kwa kuchungulia familia moja kwenye tundu la ukuta, akajisomea vitabu vizito, anamsimamisha aliyemuumba na kumhoji kwa hoja, umeniumba kwanini kisha ukanikimbia, nipe basi mwenzangu wa kufanana na mimi. Muvi ya 1931 ikamnyang'anya ulimi, akabaki kunguruma. Na haikuanzia kwenye muvi, tamthilia ya jukwaani ya London ya 1823 ilishamfanya bubu, na Mary Shelley mwenyewe alienda kuiangalia. Hata muvi ukisoma majina yanayopita mwanzoni utaona inataja tamthilia nyingine pia siyo kitabu peke yake, yani ni fotokopi ya fotokopi, na unajua fotokopi ya pili inavyofifia.

Lakini kinachoniuma zaidi siyo vyuma vya shingoni. Ni ubongo. Kwenye muvi msaidizi anatumwa kuiba ubongo, ule mzuri unamponyoka unaanguka, anachukua wa mhalifu. Basi toka hapo mtazamaji anajua zimwi ni baya kwa sababu lilipewa ubongo mbaya, imeisha. Kitabuni hakuna ubongo wa mhalifu. Kiumbe anaanza akiwa mpole, anawasaidia watu kuni kimyakimya, anachotaka ni kukaribishwa tu, anapigwa mawe, anafukuzwa, aliyemuumba kamkimbia usiku uleule wa kwanza, ndo anageuka. Sasa pima hapo wewe mwenyewe. Kitabu kinauliza nani kamharibu, muvi inajibu kazaliwa kaharibika. Hizo ni stori mbili zinazogombana kabisa zikiwa na jina moja, na dunia nzima imebeba ya pili ikidhani ni ya kwanza. Uswahilini kwetu tunayajua haya mabishano vizuri tu, mtoto akiwa mwizi kuna wanaosema damu na kuna wanaosema malezi, na kumbe hata kwenye kitabu cha zimwi ndo hilohilo.

(Na kichekesho: kwenye muvi yule mwanasayansi anaitwa Henry, jina la Victor kapewa rafiki yake. Usimwambie mwenzako, utaanzisha soda nyingine.)

Dracula, yule mnyonya damu, vilevile, kwa ufupi. Kitabu cha Bram Stoker cha 1897 anatembea mchana London bila wasiwasi, mambo ya kuuawa na mwanga wa jua yaliingizwa na muvi ya Kijerumani ya 1922, leo mtoto yeyote atakuapia kuwa jua linamuua.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu. Nasoma mnajadili muvi tu kana kwamba tafsiri nayo haibadilishi kitu. Je, umewahi kutafakari jina la Mabepari wa Venisi? — Mwalimu, Kigamboni*

Shikamoo mwalimu. Nimetafakari, na umenipiga mahali pangu.

Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mara mbili, kwanza Julius Caesar 1963, alafu 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Sasa ukiangalia jina la Kiingereza, The Merchant of Venice, ni mfanyabiashara, mmoja tu, na huyo mmoja ni Antonio, mtu mwema wa stori, siyo Shylock, Myahudi mkopeshaji. Mwalimu kaweka wingi, wote wameingia kapuni, Antonio na Shylock na marafiki zao. Na neno lenyewe bepari, wewe utakumbuka kuliko mimi, zamani lilikuwa mfanyabiashara tu, limetokea upande wa Kihindi, hakuna tusi ndani. Lakini 1969 ni miaka 2 baada ya Azimio la Arusha, kila redio inasema ubepari, bepari kwenye katuni ana tumbo na sigara kubwa. Aliyeshika kile kitabu kipindi kile aliona kava tu akajua anaenda kusoma habari za wanyonyaji, mstari wa kwanza haujafika.

Kwaiyo ndiyo mwalimu, kwa neno moja la kwenye kava tamthilia imehamishwa mtaa. Wazungu wao wanabishana mpaka leo kama Shakespeare anawadharau Wayahudi au anawatetea, msomaji wetu anauliza nani hapa hamnyonyi mwenzake. Na mi kusema kweli hili swali la pili nalipenda, maana huyo Antonio tunayeambiwa mwema naye anastahili kuchunguzwa. Hapo tafsiri imefungua dirisha ambalo lilikuwepo ila lina vumbi. Siyo kila anayebadilisha anaharibu, nisije nikaeleweka vibaya na watu wa Tabata hapo juu.

*Anko, utotoni tulikuwa tunaangalia muvi za kutafsiriwa kibanda umiza, juzi nimeipata moja bila tafsiri nimeboreka nimeizima. Nina tatizo? — Mzee wa bando, Mbagala*

Huna tatizo, ulipenda kitu kingine ukadhani unapenda muvi. Tuliokulia kwenye benchi za mbao tunamjua Lufufu, mtafsiri wa muvi, ile sauti ilikuwa inatafsiri, inachambia adui, inakuelezea stelingi anawaza nini hata kama kwenye picha kanyamaza tu. Nusu ya utani tuliocheka dairekta wa huko hajawahi kuuandika wala kuusikia. Sasa ukiitoa ile sauti zinabaki ngumi na watu wanaoangaliana. Mi kuna muvi moja ya Kichina niliamini miaka yote inahusu ugomvi wa urithi wa shamba, nimekuja kuiona na maandishi chini kumbe ni mwalimu wa kungfu na mwanafunzi wake, shamba halipo. Nikaona bora ya shamba.

*Anko habari. Napiga gitaa hoteli moja ya ufukweni, wageni wakifunga harusi kila mara wanataka Malaika. Kuna mzee wa bendi anasema ni mkosi kuimba ule wimbo harusini. Kweli? — Mpiga solo, Kunduchi*

Mkosi sijui, ila mzee wako anasikiliza maneno na wageni wanasikiliza sauti, wote wana masikio mazima.

Wimbo alikuja nao kwenye rekodi Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, nani hasa aliutunga watu wamegombania mpaka leo, wapo wanaosema ni mtu wa huku kwetu. Alafu Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, akauchukua, 1965 yuko nao kwenye albamu na Harry Belafonte, 1981 Boney M nao wakaupitia, na kila ulipopita ulizidi kuwa mtamu na maana ilizidi kubaki nyuma. Mgeni anasikia sauti laini na neno moja analolielewa, malaika, anajua ni wimbo wa kumbeba bibi harusi. Sisi tunaoelewa tunamsikia kijana hana mahari, anampenda mtu na anajua hataoa. Ni kilio cha mtu aliyefulia! Na bado hata sisi tunaucheza kwenye sherehe huku tunatabasamu, maana kwa Makeba kilio kimeshakuwa kitu kizuri sana kukiita kilio.

Ushauri wangu we piga, familia zinahitaji kula. Ila uwapigie wakati wa chakula, wakati wa kukata keki weka kitu kingine, na kama bwana harusi anajua Kiswahili muulize kwanza mahari alimaliza au bado anadaiwa.