Maswali ya Wasomaji: Kelele za Ndege Mtaani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi jirani na uwanja wa ndege wa Mtwara. Kijana wangu alipima kelele ya ndege kwa programu ya simu akapata desibeli 82. Siku nyingine, kwa ndege ya aina ileile, akapata 71. Tunataka kupeleka malalamiko serikali ya mtaa. Tuandike namba ipi?
Mama wa watoto watatu, Mtwara

JIBU: Mama, namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli, lakini hakuna inayotosha kupelekwa kikaoni peke yake. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, ilhali kipima sauti halisi hukaguliwa, kabla na baada ya kazi, kwa kifaa kidogo kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana, aghalabu desibeli 94. Na tofauti ya desibeli 11 si ndogo: zikiongezeka 10 tu, nishati ya sauti imekuwa mara kumi, ingawa sikio huihisi kama mara mbili.

Hata hivyo, kabla ya kuilaumu simu, naomba muutazame upepo. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, na njia kuu ya kurukia ya Mtwara imelala takriban kaskazini na kusini. Kwa hiyo msimu wa kusi ndege kwa kawaida hupaa kuelekea kusini na hutua zikitokea upande wa mjini, na msimu wa kaskazi mambo hugeuka. Anayepima msimu mmoja tu amesikia nusu ya habari. Upepo huohuo ukivuma kwenye maikrofoni huzalisha kelele yake, ndiyo maana wapimaji huivika sifongo na huvitilia shaka vipimo vilivyochukuliwa upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde.

Linalonigusa zaidi ni usingizi wa watoto. Ndege ikivuma kwa desibeli 80 kwa dakika moja, kisha kelele hiyo ikasambazwa katika saa 24, wastani wake ni kama 48 tu, namba ya upole isiyomwonyesha mtoto aliyeshtuka saa nane usiku. Kwa sababu hiyo kipimo kinachotumika Ulaya huongeza desibeli 5 kwa kelele za jioni na 10 kwa za usiku, yaani ndege moja ya usiku huhesabiwa sawa na kumi za mchana. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza mwaka 2018 kelele za ndege zisizidi 45 kwa wastani huo wa siku nzima, na 40 usiku.

Kwa hiyo andikeni daftari: tarehe, saa, ndege inapaa au inatua, upepo unatoka wapi, nani aliamka. Kisha, kupitia serikali ya mtaa, ombeni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lipime kwa siku kadhaa katika misimu yote miwili, kwani Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu 2015. Kifaa kisiwekwe barazani, maana ukuta hurudisha sauti na kuongeza hadi desibeli 3. Kiwekwe uani, mahali pa wazi, mbali na minazi inayochakarika.