Mtoto mwenye mzio mkali kwenye ziara ya shule: maamuzi yafanyike kabla basi halijaondoka

Mtoto mwenye aleji kali anaweza kwenda ziara na wenzake, akawaona tembo wa Mikumi, akala, akarudi salama. Sikubaliani kabisa na shule zinazomwacha nyumbani eti kwa usalama wake. Hatari kubwa inakuja pale watu wazima wanapoanza kufikiri wakati midomo ya mtoto imeshavimba. Mzio wa karanga, samaki au nyuki ukichachamaa unaweza kubana njia ya hewa na kushusha presha ndani ya dakika chache. Dakika hizo hazitoshi kumpigia mkuu wa shule, kumtafuta mama yake ambaye simu haipatikani, halafu kubishana nani adunge sindano. Kila jambo linalohitaji ruhusa liwe limeshapata ruhusa na saini siku kadhaa kabla ya safari.

Nitatumia mfano wa ziara ambayo shule nyingi za Dar es Salaam huifanya: basi hadi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, karibu kilomita 300, kwa barabara ya Chalinze na Morogoro.

Fomu ya mzazi

Fomu nyingi zina mstari mmoja tu: "Je, mtoto ana aleji?" Mzazi anajaza "ndiyo, samaki", fomu inaingia kwenye faili, faili inabaki ofisini. Kwa mtoto mwenye mzio mkali andaeni karatasi yake peke yake, yenye picha yake. Iandikwe kinachomdhuru hasa (samaki wote au dagaa na kamba tu?), mara ya mwisho alipatwa na nini, kama ana pumu, uzito wake wa sasa kwa kilo, jina la dawa na dozi kwa tarakimu. Pumu ni muhimu kwa sababu mtoto mwenye pumu isiyodhibitiwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi mzio unapomshika. Uzito ni muhimu kwa sababu dozi inafuata kilo, na mtoto wa darasa la tano anaongezeka upesi.

Chini kabisa iwepo sentensi hii, na mzazi asaini: "Naruhusu mwalimu aliyefundishwa amdunge mwanangu adrenalini mara tu dalili zilizoandikwa hapa zikionekana, bila kusubiri kuongea nami." Bila sentensi hiyo walimu wengi watasita, na siwalaumu. Nakala moja ikae pamoja na dawa, nyingine kwa kiongozi wa msafara, na ya tatu ibaki shuleni.

Dawa iweje, na ikae wapi

Dawa inayookoa ni adrenalini. Vidonge vya aleji kama cetirizine na Piriton hupunguza muwasho na mabaka, lakini hazifungui koo lililobana wala hazipandishi presha iliyoanguka. Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kumpa mtoto kidonge cha aleji na kukaa kusubiri "tuone kama itatulia". Nusu saa inapita, mabaka yanapungua kweli, na kifua kinaendelea kubana.

Wachache wana kalamu ya adrenalini, ile inayojidunga yenyewe ukiikandamiza pajani. Kwetu haipatikani kirahisi na ni ghali. Wengi hununuliwa kalamu hiyo na ndugu walio nje. Zipo za miligramu 0.15 kwa watoto wadogo na 0.3 kwa wakubwa, na daktari ndiye anayeamua mtoto anahamia lini kwenye ya 0.3, kwa kawaida anapofika kilo 25 hadi 30. Zibebwe mbili, kwa sababu kuna watoto ambao dozi moja haiwatoshi.

Asiye na kalamu hutegemea ampuli (kichupa cha kioo) ya kawaida ya adrenalini, miligramu 1 kwa mililita 1, ambayo hospitali zinayo. Dozi ya kudunga kwenye msuli ni mililita 0.01 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 20 anapata 0.2, wa kilo 30 anapata 0.3, na haizidi 0.5 kwa yeyote. Msimamo wangu hapa ni mkali: ampuli inahitaji nesi ndani ya basi. Kuvunja kichupa cha kioo, kuvuta tone mbili tatu kwa mikono inayotetemeka na kuondoa hewa si kazi ya kujifunza kwa maelezo ya mdomo. Nesi abebe bomba la mililita 1 na sindano ya urefu wa milimita 25 ili dawa ifike kwenye msuli. Bomba la insulini lisitumike. Sindano yake ni fupi, na alama zake ni za yuniti, mtu husoma 30 akadhani ni kitu kingine. Kwenye karatasi dozi iandikwe kwa mililita, nukta ionekane vizuri, sifuri itangulie: 0.3, kamwe isiwe .3. Msivute dawa asubuhi mkaitembeza tayari kwenye bomba. Joto na mwanga huiharibu.

Joto lenyewe ni adui mkubwa huku kwetu. Adrenalini inatakiwa ikae kwenye nyuzi 25 au chini kidogo. Ikipanda hadi 30 kwa muda mfupi inavumilika. Basi lililoegeshwa juani saa saba mchana linapita hapo mbali sana, na juu ya dashibodi ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Kuiweka katikati ya barafu pamoja na soda nako ni kosa, kwani haitakiwi kuganda. Ifungeni kwa kitambaa kikavu ndani ya mfuko unaozuia joto, kipande cha barafu kisiguse dawa. Kabla ya safari angalieni tarehe, kisha angalieni kidirisha cha kalamu au kioo cha ampuli: dawa iwe kama maji. Ikiwa na rangi ya kahawia au chembechembe, itafuteni nyingine.

Sasa suala la nani abebe. Dawa isikae kwenye boksi la huduma ya kwanza nyuma ya siti ya dereva, kwa sababu watoto watateremka, dereva atafunga basi na kwenda kula. Mwalimu mmoja anayetajwa kwa jina aivae kwenye mkoba wa kiunoni, na mtoto awe kwenye kundi la mwalimu huyohuyo siku nzima: basi moja, meza moja, foleni moja ya choo. Makundi yakipangwa upya njiani, mwalimu anamfuata mtoto. Mwalimu wa pili ajue dawa ilipo na namna ya kuitumia, maana wa kwanza naye anaweza kuugua. Kwa sekondari, mwanafunzi mkubwa anaweza kubeba kalamu yake mwenyewe, lakini ya pili ikae kwa mwalimu.

Kama ana pumu, pampu yake ya salbutamol iwe kwenye mkoba uleule pamoja na spesa, kile chombo cha kuvutia dawa ya pampu. Spesa ikikosekana, chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni, tundu likakaza mdomo wa pampu, inafanya kazi vizuri.

Chakula cha njiani

Mtoto mwenye mzio wa karanga hataombwa ale karanga. Zitamfikia zikiwa zimejificha. Uji wa lishe wa asubuhi karibu kila mara una karanga na soya ndani ya unga wake, na wengine huongeza dagaa waliosagwa. Mchicha na kisamvu huungwa kwa karanga au nazi, na aliyepika hatakutajia asipoulizwa. Chipsi hukaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha kukaanga samaki. Kashata, na halua yenye korosho au lozi, huuzwa madirishani basi likisimama, na watoto hugawana kwa upendo kabisa.

Mpishi asiulizwe "chakula kina aleji?" Atajibu hakina. Aulizwe: "Mboga umeiunga na nini? Mafuta haya ulikaangia nini jana? Kijiko hiki kimetoka sufuria ipi?" Hata hivyo, kwa mtoto mwenye mzio mkali napendelea chakula kutoka nyumbani, kwenye chombo chenye jina lake, kwa safari nzima, pamoja na cha akiba iwapo basi litaharibika. Ili asitengwe, wanne watano wakae naye na chakula kisicho na kinachomdhuru. Wote wanawe kwa sabuni baada ya kula. Jeli ya spiriti haiondoi mabaki ya karanga mikononi.

Nyuki hawazuiliki namna hiyo. Soda wazi huwavuta, na mtoto anaweza kuanza kunywa nyuki akiwa ndani ya kopo. Mwenye mzio wa nyuki anywe kwenye chupa yenye kifuniko. Akichomwa, mwiba utolewe papo hapo kwa ukucha au kadi, wala msipoteze muda kutafuta kibanio.

Kujua kwamba mzio umeanza

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa ngozi na iangalie kwa pembeni: mabaka yanakuwa yamenyanyuka, yanawasha kama upupu. Angalia ndani ya midomo, kope na viganja. Lakini msisubiri ngozi, maana wengine hawatoi kipele hata kimoja.

Sikiliza zaidi. Sauti inakwaruza, anakohoa mfululizo, anashindwa kumeza mate, kifua kinapiga mluzi, mtoto mdogo anasema koo lina kitu. Au anapauka, analegea, anapata kizunguzungu. Kwenye ziara dalili hizi hupewa majina mengine: kutapika husemwa ni basi, kulegea husemwa ni jua au njaa, na kuzirai kwenye shule ya wasichana huleta maneno ya mapepo. Kwa mtoto mwenye karatasi ya mzio, dhana ya kwanza iwe mzio, hasa kama amekula au amechomwa na mdudu ndani ya saa mbili zilizopita. Kwa sababu hiyohiyo asipewe dawa ya kichefuchefu cha safari bila ushauri wa daktari wake. Nyingi huleta usingizi, na hutajua amesinzia kwa dawa au presha imeshuka.

Kupumua kukibadilika, au akilegea, mdunge. Usipokuwa na hakika, mdunge pia. Kwa mtoto wa kawaida dozi moja sahihi ya msuli italeta mapigo ya haraka na kutetemeka kwa muda, basi.

Dakika zenyewe

Mlaze palepale alipo, miguu iinuliwe juu ya begi. Akihema kwa shida aketi akiwa ameegemea, miguu imenyooka. Akitapika au akipoteza fahamu, alale ubavu. Asisimame wala asitembezwe hadi kwenye gari, hata hatua kumi. Presha ikiwa chini damu hujikusanya miguuni, na akinyanyuliwa ghafla moyo unaweza kukosa damu ya kusukuma. Watoto wamefia hapo, wakati ilionekana wanaendelea vizuri. Gari ndilo lije kwake.

Sindano inaingia kwenye paja, upande wa nje, katikati ya goti na nyonga. Kalamu hupita kwenye sare, ila mfukoni kusiwe na funguo wala peni. Mwalimu mmoja abane mguu usirushwe. Ishike kalamu kwa ngumi, kidole gumba kisikae juu ya ncha yoyote, kwani kuna watu wamejidunga gumba. Kalamu ya EpiPen: ng'oa kifuniko cha bluu, kandamiza ncha ya chungwa mpaka isikike, hesabu 3. Kalamu ya Jext: kofia ya njano, ncha nyeusi, hesabu 10. Kwa sababu zinatofautiana, walimu wafanye mazoezi na kalamu ya mfano isiyo na sindano ya aina ileile aliyonayo mtoto.

Andika saa kwenye mkono wako. Salbutamol, kama anayo, inafuata baada ya adrenalini. Dakika 5 zikipita bila nafuu, dozi ya pili paja la pili. Akiacha kupumua, anza kumkandamiza kifua.

Gari na hospitali

Msipange safari kwa kutegemea ambulansi itakuja. Gari dogo lifuatane na basi, dereva wake asiende mbali na ufunguo. Wiki moja kabla, orodhesheni hospitali za njiani: Tumbi pale Kibaha, hospitali ya rufaa ya mkoa Morogoro, St. Kizito katika mji wa Mikumi. Pigeni simu na kuuliza maswali mawili: siku hiyo kutakuwa na adrenalini? Kuna oksijeni? Zahanati iliyo karibu zaidi inaweza kuwa imefungwa Jumamosi jioni. Ndani ya hifadhi simu hukatika, kwa hiyo getini mwambieni muongozaji kwamba mna mtoto wa namna hii, na mkubaliane mtawasilianaje.

Hospitali aende hata akipata nafuu kabisa na kuomba kurudi kwa wenzake. Nguvu ya adrenalini huisha upesi, na mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kula kitu kingine. Daktari ndiye aamue akae chini ya uangalizi kwa muda gani. Mwalimu anayebaki naye awe na karatasi yake, kalamu iliyotumika, kadi ya bima au fedha taslimu, na mabaki ya chakula alichokula yakiwa kwenye mfuko.

Mkirudi, mzazi aambiwe ana kwa ana: alikula nini, dalili ya kwanza ilikuwa ipi, dozi na saa ya kila sindano. Usiku huo alale na mtu mzima chumbani, na dozi zilizotumika zinunuliwe upya kabla hajarudi darasani.