Ukiitwa kwenye kikao cha viwango vya taarifa za afya

Vijana wa TEHAMA wanaoanza kazi kwenye halmashauri za huku Nyanda za Juu Kusini huniuliza wasome nini kabla ya kuingia kwenye kikao cha kuunganisha mifumo ya hospitali. Wanategemea niwatajie HL7 au FHIR, viwango vya kimataifa vya mifumo ya afya kupeana taarifa. Hayo yamo mtandaoni, tena bure, na ukijifungia nayo utapata mwanga. Kisichoandikwa popote ni nani amemnunia nani pale mezani, na kwa nini.

Chukua kipimo cha malaria. Niliwahi kukaa kwenye kikao Mbeya kilichokwama hapo hadi chai ikapoa. Mtengeneza programu alitaka sehemu moja tu ya kujaza: malaria ipo au haipo. Mteknolojia wa maabara akashikilia kwamba mRDT (kipimo cha haraka) na BS (damu inayosomwa kwa darubini) visichanganywe, na nusu ya chumba ikamwona msumbufu. Hoja aliyoitoa kikaoni ilikuwa ya kitaalamu: mRDT inakamata protini za vimelea na inaweza kuendelea kuonyesha malaria hata wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa, wakati darubini inakuonyesha kimelea chenyewe na wingi wake. Hoja ya pili aliitoa nje, tukiwa tunasubiri chakula. Vitendanishi huagizwa kulingana na matumizi. Vipimo vikichanganywa, ripoti yake haitalingana na stoo, na atakayeitwa kujieleza ni yeye.

Kitaalamu alikuwa sahihi. LOINC, orodha ya misimbo ya vipimo iliyoanzishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Regenstrief huko Indiana, Marekani, nayo hutenganisha vipimo kwa mbinu iliyotumika. Lakini kilichomfanya asikubali kushindwa ni stoo. Kwa hiyo mtu akishupalia jambo dogo, usimrushie waraka. Mfuate wakati wa chai, muulize: hili likipita, Jumatatu kazi yako itabadilikaje?

Sasa suala la posho, ambalo watu huona haya kulisema. Kikao kikiwa Iringa mjini, mara nyingi wanaokuja ni waliofikiwa na zamu, siyo wanaojaza kila siku vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya. Omba mapema, kwa barua, aje mtunza kumbukumbu na muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Wakija, usiwaombe maoni mbele ya mganga mkuu. Watasema wanaunga mkono, basi. Wapeleke kwenye kikundi kidogo, wape kurasa za rejista zilizofichwa majina halisi, wajaribu kuzihamishia kwenye fomu mpya huku wewe umenyamaza.

Zoezi la namna hiyo ndilo lililoonyesha kwamba kutafuta mgonjwa kwa herufi tatu za mwanzo za jina la ukoo hakufai Rungwe. Andika "Mwa" uone: Mwakyusa, Mwaipopo, Mwakalinga, Mwakipesile, wanashuka tu kwenye skrini. Dada wa mapokezi alicheka kabla hatujamaliza kueleza. Yeye huuliza jina la baba, kijiji, halafu kitongoji. Fomu iliyoletwa haikuwa na mahali pa kitongoji.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia waliounda FHIR. Toleo la tatu la HL7 lilikuwa limewaelemea watengeneza programu, na mwaka 2011 Grahame Grieve wa Australia akapendekeza njia nyepesi. Kanuni yao ni kwamba sehemu ya msingi ibebe yale ambayo mifumo mingi, wao husema kama asilimia 80, tayari inayatumia. Mwenye hitaji la peke yake analiweka kwenye nyongeza. Watu husifia hilo kama ufundi. Mimi naona ni busara ya kuishi na watu. Kitongoji chetu kinapata mahali, na mwenzetu asiyekihitaji halazimiki kukibeba. Tena watu hao wa FHIR huwa wanakutana kompyuta zikiwa wazi, kila mmoja akijaribu kumtumia mwenzake taarifa. Igeni hilo. Anayejigamba kwamba mfumo wake unaweza kila kitu hupoa mwenyewe taarifa inapogoma kupita, bila mtu yeyote kumwaibisha.

Kuhusu miradi ya wafadhili inayokuja kila mmoja na mfumo wake sitasema mengi. Waalikeni tangu siku ya kwanza, maana wakiletewa uamuzi uliokwisha watasema bajeti imefungwa.

Na msifunge kikao kabla ya kuandika nani atatunza orodha ya misimbo. Zahanati mpya hufunguliwa, vipimo hubadilika, hata ICD-11, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ilianza kutumika rasmi Januari 2022 wakati vituo vingi vikiwa bado kwenye ICD-10. Andikeni cheo, siyo jina la mtu. Wilaya moja huku ilimwachia kazi hiyo kijana mmoja hodari sana. Uhamisho wa Katavi ulipotoka, akaondoka na nywila kichwani, na wenzake wakabaki kumvizia kwenye simu kila mtandao unaposhika.