Baba amefariki bila kubatizwa, naambiwa yuko motoni

Dada, pole sana kwa msiba. Baba amefariki bila kubatizwa, mtu akakwambia matangani kwamba yuko motoni, na tangu siku hiyo hulali. Aliyekwambia hivyo amejitwika hukumu isiyo yake.

Fungua Luka 23, usome taratibu mstari wa 39 hadi 43. Mhalifu ametundikwa msalabani, hana ubatizo, hana muda wa kutengeneza maisha yake. Anaomba tu akumbukwe, na Yesu anamwahidi kuwa peponi siku hiyohiyo. Nilipofiwa na kaka yangu nilirudi hapo kila usiku mpaka ukurasa ukalegea.

Halafu usichanganye maneno. Kuzimu, katika Agano la Kale, ni makao ya wafu. Jehanamu linatokana na bonde la Hinomu, kando ya Yerusalemu, ambako watoto walichomwa kafara (Yeremia 7:31). Na Wakristo wenyewe hawafundishi jambo moja: wengi huamini adhabu ya milele, Waadventista Wasabato husema waovu watateketea na kutoweka, Wakatoliki wana toharani, yaani kutakaswa baada ya kifo, na huwaombea marehemu.

Tafuta mchungaji au padri anayejua kusikiliza, umsimulie baba yako alikuwa mtu wa namna gani. Anayedai sadaka ili "amtoe" huko, mkimbie. Usingizi ukigoma kwa wiki kadhaa, muone daktari au mshauri nasaha. Na ukianza kutamani kumfuata baba, usingoje hata kesho, mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali.