Joto la Injini Lina Njia Zake: Zijue Kabla Hujanunua Rejeta Nyingine

Gari likianza kuchemsha, wa kwanza kuhukumiwa ni rejeta. Mteja anafika gereji na rejeta mpya iko kwenye boksi, au ameshafungiwa kwingine na mshale wa temperecha bado unapanda. "Fundi, nimeuziwa feki nini?" Wakati mwingine kweli ni feki. Mara nyingi lakini rejeta ni nzima kabisa, ila joto halijaifikia. Limekwama huko ndani, na ukijua linapitia wapi utaacha kununua spea kwa kubahatisha.

Anzia kwenye silinda. Mafuta yakiwaka, gesi mle ndani hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa muda mfupi sana. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na pistoni ni ya aluminiamu. Haiyeyuki kwa sababu hailiweki joto. Linatoka kwenye uso wa pistoni, linapita kwenye ringi, linaingia ukuta wa silinda, linavuka bloku, maji yanalipokea na kulipeleka rejeta, upepo unalimaliza. Kila kituo kinategemea kilichotangulia.

Vyuma havilingani kwa kupitisha joto. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa digrii moja, shaba nyekundu ina karibu 400, aluminiamu ya injini kama 150, chuma cha kusubu kama 50, na chuma kisichoshika kutu kama 15 tu. Ndiyo maana silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) za magari mengi ya leo ni za aluminiamu. Kwenye chuma, elektroni zinatembea huru na zinabeba joto na umeme kwa pamoja. Kauri haina elektroni huru. Joto lake linasafiri kwa atomu kutikisa atomu jirani. Watu wengi hudhani basi kauri zote zinazuia joto. Hapana. Ile kauri nyeupe ya plagi, ambayo ni alumina, ikiwa baridi hupitisha joto vizuri kuliko chuma kisichoshika kutu, huku umeme ukigonga mwamba. Kauri nyingine, zirkonia, iko kwenye 2 hivi, na hiyo ndiyo hupakwa mahali ambapo joto linatakiwa lizuiwe. Kwa hiyo mtu akikuuzia kitu kwa jina la "kauri" tu, muulize kauri gani.

Sasa twende kwenye adui mkubwa wa magari ya kwetu, nami naona hazungumzwi vya kutosha: maji ya kisima. Dar na mwambao kwa ujumla maji ya visima mengi yana chumvi, na sehemu nyingine za bara yana chokaa. Ukiyatia kwenye rejeta mwaka hadi mwaka, yanaacha ukoko ule ule mweupe unaouona kwenye birika la nyumbani. Unashika ndani ya njia za maji za bloku, kwenye kuta zenyewe ambako joto linatakiwa litoke. Ukoko huo hupitisha joto chini sana kuliko aluminiamu, kiasi kwamba milimita moja tu inazuia joto kama vile ungeongeza ukuta wa aluminiamu wenye unene wa sentimita kadhaa. Bloku ni ile ile, rejeta mpya, feni inazunguka, na injini inaungua.

Ukitaka kuona mwenyewe, siku wota pampu inapofunguliwa chungulia tundu lake kwa tochi. Chuma safi kina rangi ya chuma. Ukikuta tabaka jeupe au la kahawia linalobanduka kwa bisibisi kama magamba, huna haja ya kuhangaika na rejeta kwanza, safisha injini. Baada ya hapo tia kulanti, dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri. Kulanti ni ghali, najua, lakini linganisha na bei ya kufungua hedi. Na zile dawa za kuziba rejeta inayovuja, mimi sizitaki gerejini kwangu. Kinachoziba tundu la rejeta hakijui kubagua, kinaziba na vijia vingine vyembamba.

Themostati, ule mlango unaoruhusu maji yaende rejeta, nayo iacheni. Kuna mafundi wanaitoa kama dawa ya kuchemsha. Mle ndani mna nta iliyochanganywa na unga wa shaba, shaba ikiwa na kazi ya kuifikishia nta joto haraka, ili iyeyuke, itanuke na kusukuma mlango. Kwenye baadhi ya injini mlango huo huo, ukifunguka kwenda rejeta, unafunga njia ya mkato. Ukiutoa, maji moto yanazunguka kupitia njia ya mkato bila kuona rejeta. Umetibu ugonjwa kwa kuuongeza. Mfuniko wa rejeta pia ni spea, siyo kizibo tu: unabana maji ili yasichemke kwenye 100. Mbeya au Nairobi, kwa ule mwinuko, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, basi mpira wa mfuniko ukishachoka utaumia zaidi huko kuliko Tanga.

Aluminiamu ina tabia moja inayopaswa kumtia adabu kila dereva. Ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Injini kama 7A-FE ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Vitu viwili vinavyotanuka tofauti, katikati yake gasketi, ile pedi ya kuzibia, inavumilia. Injini ikiwa kwenye joto lake la kazi, mambo yanakwenda. Likipita kiasi, hedi inataka kutanuka, boliti zimeikaza, inapinda. Viwango vya watengenezaji ni vya kubana sana, mara nyingi hedi hairuhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, unene mdogo kuliko wa karatasi ya daftari. Ndiyo maana fundi akifungua hedi bila kuiwekea rula iliyonyooka na kupitisha filagegi, vile vibamba vya kupimia mwanya, kona kwa kona, mwambie arudie. Kubadilisha gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kutupa pesa.

Hapo ndipo pana ushauri wangu kwa mnaopanda mlima Kitonga na mzigo. Mshale ukiingia kwenye nyekundu, toka barabarani, zima injini, fungua boneti, kaa kivulini. Usifungue mfuniko wa rejeta, maji yatakurukia usoni. Na usimsikilize kijana anayekuja mbio na dumu la maji baridi akutake umwagie injini. Upande uliomwagiwa unasinyaa ghafla, wa pili bado umetanuka, hedi inapasuka. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua.

Kuna mteja aliniuliza kwa nini wasitengeneze injini nzima ya kauri, tuachane na rejeta. Walijaribu. Miaka ya 1980 kampuni ya Cummins pamoja na jeshi la Marekani walifanyia kazi injini ya dizeli iliyozuiwa joto lisitoke, wakaiendesha kwenye lori lisilo na rejeta. Lilitembea. Lakini joto ulilolizuia lisiende kwenye maji sehemu kubwa linatokea ekzosti, kuta za silinda zikiwa moto hewa inayoingia inapungua, na oili ya kawaida haivumilii. Tena kauri ni ngumu ila haisamehe. Chuma kikizidiwa kinapinda, kauri inavunjika. Mwaka 1985 Nissan iliweka gurudumu la turbo la kauri kwenye gari lake la Fairlady Z, na hapo lengo lilikuwa wepesi lizunguke haraka. Waliokuja kuongeza presha ya turbo za namna hiyo wengi wanajua mlio wa gurudumu likikatika.

Tuje kwenye plagi, maana hapa kauri na chuma wanafanya kazi bega kwa bega na wewe unaweza kuishika mkononi. Itazame ncha: kuna pua nyeupe ya kauri iliyochomoza ndani ya ganda la chuma. Pua ikiwa ndefu, joto lina safari ndefu kufika kwenye ganda, basi ncha inabaki moto. Ikiwa fupi, joto linatoka upesi. Ncha inatakiwa ifike kama nyuzi 500 ili ichome masizi yake yenyewe, lakini ikipita 800 na kitu inaweza kuwasha mafuta kabla ya cheche, na hapo pistoni inatobolewa. Namba kwenye plagi inahusu jambo hilo hilo. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inatoa joto upesi. Kwa Bosch ni kinyume. Ukienda dukani Kariakoo ukaambiwa "hii ni ile ile, kaka, namba tu tofauti", rudisha. Fuata namba ya kitabu cha gari.

Soma na rangi. Kijivu au kahawia hafifu ni salama. Nyeusi kavu, kuna masizi, mafuta yanazidi au plagi ni ya baridi mno. Nyeupe kabisa yenye vijipovu vya kuyeyuka, joto limezidi, tafuta sababu leo hii. Na ikaze ipasavyo, injini ikiwa imepoa: mpya yenye washa ikishika kwa mkono, ongeza nusu mzunguko hivi. Joto la plagi linatoka kupitia washa na zile nyuzi za kukazia kwenda kwenye hedi. Plagi iliyolegea haina pa kulipeleka.

Plagi mbovu inaua pia masega, kile kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosti. Yale ni kauri yenye vitundu vingi vyembamba, inayotanuka kidogo sana na kupitisha joto kwa shida. Silinda isipowaka, mafuta mabichi yanashuka hadi kwenye masega yanawakia humo. Joto halisambai, linabaki pale pale mpaka kauri inayeyuka na kuziba. Gari linakosa nguvu, watu wanabadilisha pampu ya mafuta. Gari likitetema, tengeneza plagi na koili kwanza, usiliendeshe hivyo hivyo wiki nzima. Mvua zikija, usiliingize likiwa limetoka mwendo mrefu kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani, Dar, yanayofika chini ya ekzosti, na usiliegeshe juu ya majani makavu. Masega yanabaki moto muda mrefu baada ya kuzima injini.