Mapigo 96 na presha iko sawa, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mi ni mama wa miaka 44, nauza mitumba Mwanjelwa, Mbeya. Majuzi nilipita kupima presha wakasema iko sawa, 124 kwa 78, ila mapigo ya moyo 96, nesi akaniambia nibadili mtindo wa maisha, basi, nibadili nini hakusema. Pombe sinywi, chai ndo nakunywa sana sababu ya baridi, na kulala ni saa sita usiku, saa kumi nishaamka kuwahi belo. Nifanyeje yashuke bila dawa, au ndo moyo umeanza kuumwa?

JIBU: Pole dada yangu, ila usijitie hofu. Mtu mzima akiwa ametulia mapigo yanakuwa 60 mpaka 100 kwa dakika, kwaiyo 96 bado haijavuka, ila iko juu juu na nesi hajakosea kukushtua. Sasa mi nataka nijue ulipimwa ukiwa umekaa muda gani, maana kama ulitoka sokoni mbio mbio umepanda kilima afu ukavalishwa mashine hapo hapo, iyo 96 ni ya mtu anayehema. Pima mwenyewe asubuhi kabla hujashuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, upande wa dole gumba (dole gumba lenyewe usipimie, lina mapigo yake litakuchanganya), hesabu dakika nzima na uandike, fanya ivo wiki nzima ndo utaijua namba yako.

Kilichonigusa kwenye barua yako ni usingizi. Saa sita mpaka saa kumi ni masaa manne dada, na mtu mzima anatakiwa angalau saba! Usipolala vya kutosha mwili unakaa kwenye hali ya hatari muda wote, adrenalini (homoni ya mshtuko) iko juu na moyo unakimbia hata ukiwa umekaa kwenye banda lako. Najua belo nzuri haimsubiri mtu, ila si kila siku kuna belo, kwaiyo siku ya belo jana yake lala saa tatu, mahesabu na simu viache mpaka kesho, na siku nyingine jiachie mpaka saa moja asubuhi. Ukirekebisha ili moja tu naamini utaona tofauti.

Chai sikukatazi, na baridi ya Mbeya mwezi wa 6 na wa 7 naielewa, ila kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana maana kafeini, kile kichangamsho kilichomo kwenye chai, inakaa mwilini masaa mengi, baada ya hapo kunywa mchaichai au maji ya moto yenye tangawizi. Na maji jamani, watu wa huku kwenye baridi tunasahau kabisa maji, mwili ukikauka damu inapungua ujazo afu moyo unalazimika kupiga haraka kufidia.

Alafu tembea. Moyo uliozoea kazi ni kama mbeba mizigo mwenye nguvu, anabeba kwa safari moja kile ambacho mchovu anakipeleka kwa safari mbili. Nusu saa, siku 5 kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea ila kuimba huwezi, shuka daladala vituo kadhaa kabla ya nyumbani umalizie kwa miguu, vilima tunavyo vya kutosha. Mapigo hayatashuka kesho, subiri wiki kadhaa. Ukitaka kitu cha papo hapo, kaa utulie vuta pumzi sekunde 4 itoe taratibu sekunde 6, dakika 5 ivo ivo, ule utoaji wa taratibu ndo unaoutuliza moyo.

Ila kama asubuhi yanavuka 100 siku nyingi, nenda hospitali wakupime wingi wa damu (hasa kama hedhi ni nzito) na tezi ya shingo. Maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi au mapigo yanayorukaruka, nenda siku iyo iyo. Na vidonge vya kushusha mapigo usijinunulie duka la dawa, mwenye pumu vingine vinaweza kumbana vibaya sana.

SWALI: Shikamoo dokta, naendesha boda Uyole, usiku napiga enaji kopo tatu na sigara ili nisisinzie, nikilala moyo unadunda mpaka nausikia masikioni.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kafeini na nikotini zote zinaukimbiza moyo na wewe unazichanganya usiku mmoja, acha hizo enaji leo, sigara nayo anza kuiacha, na ukisinzia paki ulale, barabara ile ina malori mengi. Ukiacha wiki mbili na bado unadunda, nenda ukapimwe umeme wa moyo.

SWALI: Nimehamia Iringa kusoma nimetoka Dar, mbona mapigo yamepanda?

JIBU: Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ni kidogo kuliko ulikotoka na moyo unafidia, kawaida mwili unazoea ndani ya siku au wiki chache. Mazoezi anza polepole, ngazi na vilima visikupe mashindano, na mwezi ukiisha hali ni ile ile nenda kapime wingi wa damu.