Mwenyekiti akija na askari kwa sababu mtoto haendi shule: yaliyonikuta mimi hapa Busia, upande wa Uganda

Wiki jana dada mmoja wa huko Malaba ameniandikia meseji saa tano usiku. Anasema mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) amepita nyumba kwa nyumba na daftari, anaandika watoto wasioenda shule, na amewaambia wazazi kwamba muhula ukifunguliwa, yule ambaye mtoto wake ataonekana barabarani saa za masomo atapelekwa polisi. Yeye ana wasichana wawili, wa miaka 9 na 11, wanamsaidia kuuza mandazi stendi. Ananiuliza, "Mama, kweli wanaweza kunifunga? Na mimi ndiye ninayewalisha peke yangu." Dada yangu, hiyo meseji nimeisoma mara tatu na usingizi ukanikataa, kwa sababu hayo maneno yako mi niliyasema karibu hivyo hivyo, nikiwa nimekaa kwenye benchi la polisi na magamba ya mukene (dagaa ninaouza) bado mikononi.

Na meseji hiyo imenikuta nikiwa kwenye furaha. Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza praimari, yalipotoka, kijana wangu wa pili amepata agregeti 19 (jumla ya alama, ikiwa ndogo ndio nzuri), divisheni ya pili. Najua kuna wenye watoto wa agregeti 4 na 5, hongera zenu sana. Mimi ile 19 nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango na mpaka leo sijaifuta na sitaki mtu aifute. Huyu mtoto kuna wakati alikuwa anachimba dhahabu.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo, mtanielewa. Mimi mwenyewe ni mtoto wa UPE, ule mpango wa serikali wa praimari bila ada. Mwaka 1997 serikali ilipoanza kulipia watoto wa praimari ilianza na watoto wanne kwa kila familia. Wanne tu. Kwetu tulikuwa saba na mimi nilikuwa wa tano. Namkumbuka baba amekaa kwenye kigoda na karatasi ya LC magotini, anahesabu kwa vidole, anarudia kuhesabu, na mama amesimama mlangoni hasemi kitu. Mwisho shangazi yangu ambaye alikuwa na wawili tu akasema, huyu mniandikie mimi. Ndio nikaingia P.1 (darasa la kwanza) kwa jina la upande wa mume wa shangazi, na hilo jina ndilo liko kwenye cheti changu mpaka leo. Wa rika langu mnakumbuka mwaka ule, nchi nzima watoto wa praimari waliruka kutoka kama milioni 3.1 mpaka milioni 5.3, sisi tulikaa chini ya mwembe, kitabu kimoja vichwa kumi, mvua ikinyesha masomo yamekwisha. Lakini tulikwenda. Baadaye ndio wakafungua kwa watoto wote. Kwa hiyo mtu akiniambia mimi sijui thamani ya shule inaniuma, na ndicho alichoniambia mwenyekiti wa huku kwetu mbele ya wateja wangu.

Sasa nirudi kwa kijana. Shule zilifungwa kwa ajili ya korona Machi 2020 na wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Yeye alikuwa P.3. Mtoto wa mpakani ukimwambia akae nyumbani miaka miwili hawezi kukaa, atatoka tu. Akaanza kubebea wamama mizigo kuvuka upande wa Kenya, mia tano hapa, elfu pale, jioni analeta sukari nusu kilo. Na mimi ile sukari niliipokea. Niseme ukweli, niliipokea na nikamsifu mbele ya wadogo zake, nikamwita mwanaume wa nyumba. Shule zilipofunguliwa alirudi, lakini alikuwa ameshajua ladha ya pesa.

Ikafika 2023, yuko P.5, muhula wa pili. Mi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mukene ya Majanji, nawaacha wakijiandaa. Kila siku anavaa yunifomu, anabeba begi, jioni anarudi na begi, mi nikajua mtoto anasoma. Jumamosi moja nafua nguo, nashika shati lake, kola ni safi kabisa. Mtoto wa miaka 12 anayecheza mpira, kola safi wiki nzima? Nikaenda kwenye begi nikatoa daftari la hesabu. Tarehe ya mwisho ilikuwa 13/6, ameandika kichwa cha somo, amepiga mstari kwa rula vizuri kabisa, basi. Na hiyo Jumamosi ilikuwa 22/7. Nikafungua kurasa zote mpaka mwisho, nyeupe. Chini ya begi kulikuwa na bukta na fulana nyingine zimekakamaa kwa udongo mwekundu.

Udongo ule kila mtu wa huku anaujua. Walikuwa wanajazana kwenye pikipiki, wavulana wanne watano, mpaka machimboni huko upande wa Tiira, wanaosha udongo wa watu na kukoroga zebaki kwa mikono mitupu kupata punje ya dhahabu. Mikono ya mtoto wangu. Nililia pale kwenye beseni la nguo, jioni nikampiga, na kupiga kwenyewe hakukusaidia kitu. Hakusema neno.

Jumatatu, kabla sijajua hata pa kuanzia, mwenyekiti akafika sokoni na askari wawili. Nilikuwa nimetandika mukene kwenye turubai, mabeseni matano, nyingine za mkopo. Akasema kwa sauti ili watu wasikie kwamba kuna wazazi wanakula jasho la watoto. Nikapelekwa, nikakaa benchi kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Saa nane mvua ikanyesha. Jirani yangu wa mezani alifanikiwa kufunika mabeseni mawili, matatu yalilowa na mukene ikilowa hivyo inabaki kuwa chakula cha kuku. Nikamuuliza askari, afande, nimevunja sheria gani? Akasema sheria ya elimu. Nikasema naomba kuiona. Akaniangalia tu. Nikasainishwa karatasi kwamba mtoto atarudi shule, nikaenda nyumbani gizani. Sijasahau, na yule mwenyekiti mpaka leo tunapishana njiani tunasalimiana kwa midomo tu.

Lakini kile kidonda ndicho kilinifanya nisome. Kesho yake sikwenda sokoni, nilikwenda sabukaunti kwa afisa wa maendeleo ya jamii, mwanamke mtaratibu sana, akanifungulia sheria akanisomea na mi nikaandika nyuma ya risiti. Na hapa ndipo nataka mnisikilize wazazi wenzangu maana wengi tunatishwa na kitu ambacho hatujawahi kukiona. Sheria ya Elimu ya 2008 inasema praimari ni lazima kwa kila mtoto kuanzia miaka 6, kwa miaka 7. Kazi ya mzazi ni kumwandikisha mtoto, kumlisha, kumvisha, kumpa pa kulala, matibabu na usafiri. Ndio, chakula ni juu yetu, hata cha mchana shuleni, wengi hatupendi kusikia hilo lakini liko hapo. Walimu, vitabu na madarasa ni juu ya serikali. Hata Katiba yetu ya 1995, ibara ya 34, imesema elimu ya msingi ya mtoto ni jukumu la serikali NA wazazi. Wote wawili. Alafu akanisomea kile ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia: shule ya UPE haitakiwi kutoza ada, mchango wa wazazi uwe wa hiari, na mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu mzazi hajatoa mchango.

Nikamwomba asome tena hapo.

Kwa sababu usiku ule kijana alikuwa ameshaniambia, tena kwa kunong'ona, kilichotokea tarehe 13/6. Waliitwa majina ya wasiolipa pesa ya posho (ugali wa shuleni) na uji, shilingi 15,000 za muhula, wakasimamishwa mbele, wakaambiwa nendeni mkazilete. Yeye hakuja kwangu. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia? Akasema, "Mama, wewe ulishasema huna." Na kweli nilishasema, asubuhi ya siku ile ile, nikiwa nafunga kanga natoka, wala sikumwangalia.

Kwa hiyo nilikwenda shule. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo na nitaurudia mpaka mchoke: nenda shule mwenyewe. Usitume meseji, usimtume dada wa kazi, nenda. Sikwenda kugombana, nilikwenda na ile risiti yangu, nikamsalimia hedimasta kwa heshima, nikamwambia mwalimu, mimi nina kosa langu na nyinyi mna lenu, mtoto ni mmoja. Mwanzo aliwaka, akasema shule inaendeshwaje bila michango, na mi namwelewa maana pesa ya serikali ni kidogo na huchelewa. Tukakubaliana nilete mahindi na maharage badala ya pesa, kidogo kidogo kila nikipata. Mtoto akarudi Alhamisi. Muhula ule alishika nafasi ya chini kabisa, P.6 hakukuwa na la kusimulia, P.7 nikamtafutia mwalimu wa jioni wa kumsaidia hesabu, na hayo mengine mmeshasikia.

La pili, fungua daftari. Usiulize mtoto "umesoma?", atakwambia nimesoma. Fungua uangalie tarehe, dakika mbili zinatosha, hata kama wewe hujui kusoma tarehe utaona kama kurasa zinasogea. Mimi sasa hivi kila Ijumaa nafungua za wote wanne.

La tatu, ukitishiwa faini au jela, uliza kwa adabu ni sheria ipi. Hizi faini tunazosikia huku vijijini mara nyingi zinatoka kwenye sheria ndogo za wilaya au sabukaunti, na mabaraza yana uwezo wa kuzitunga tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, kwa hiyo usidhani ni maneno ya mwenyekiti tu. Lakini kama ipo, imeandikwa, na kama imeandikwa unaweza kuonyeshwa. Nenda sabukaunti uiombe kabla hawajakujia. Na mnaosema ngoja nihamie kwa ndugu yangu upande wa pili wa barabara, mjue Kenya ni kali zaidi, sheria yao ya elimu ya 2013 inasema mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini mpaka shilingi 100,000 za kwao au kifungo mpaka mwaka mmoja, au vyote.

Sasa dada wa Malaba, nakujibu wewe. Ndiyo, wanaweza kukusumbua, na hao wasichana wako miaka 9 na 11 stendi saa za masomo si mahali pao, hata Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza mtoto chini ya miaka 12 kuajiriwa. Nakuambia kwa upendo, najua mandazi hayajiuzi. Wakusaidie kukanda jioni, wakusaidie Jumamosi, lakini asubuhi waende. Wazazi tuache hii tabia ya kusema mtoto ananisaidia, tuwe wakweli, mara nyingine ni sisi tumemwegemea mtoto, kama mimi na ile sukari. Anayekula sukari ya mtoto leo asishangae mtoto akiwa na bosi kesho. Nenda shule kabla ya muhula kufunguliwa, uwe na kadi zao za chanjo au karatasi za kuzaliwa, na uulize mapema michango ni ipi na kama wanapokea mahindi. Nenda wewe, usisubiri mwenyekiti akupeleke. Na wewe mwenyekiti unayesoma hapa, siku ukimkuta mtoto barabarani, kabla hujaita askari muulize mtoto nani alimtoa darasani.

Kwangu bado hakujatulia. Praimari ndiyo ya lazima, sekondari hakuna askari atakayekuja kunidai mtoto. USE, mpango wa sekondari bila ada, ipo tangu 2007 lakini karatasi waliyonipa ya S.1 (mwaka wa kwanza wa sekondari) ina ream mbili za karatasi, mafagio, jembe, godoro kama atalala, na mengine ya upande wa pili wa karatasi sijayasoma. Jana usiku kijana ameniona nimeishika ile karatasi nahesabu kwa vidole. Akaniuliza kama arudi machimboni likizo hii tu, wiki mbili, apate za godoro.

Nimemwambia hapana. Leo nimepeleka beseni moja la ziada sokoni.